Watu 26, picha moja moja: niwaandaeje?

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi ni afisa utumishi kwenye kampuni ya uwakala wa forodha hapa Dar es Salaam. Tupo 26: wa ofisini, madereva na vijana wa ghalani. Bosi anataka kila mtu apigwe picha nzuri ya kikazi kwa ajili ya tovuti na vitambulisho vipya. Mwaka juzi tulijaribu, tukaambiana tu kwamba kesho mpiga picha anakuja. Saba hawakutokea, waliotokea wametoka kama paspoti saizi, na dada mmoja alilia alipoiona yake imeshawekwa mtandaoni. Safari hii sitaki aibu ile, na tungependa utupige wewe. Nianzie wapi?

JIBU: Dada yangu, salama kabisa. Umenifurahisha kwa kuuliza mapema. Wengi hunipigia simu jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Anza na huyo dada aliyelia. Sidhani alilia kwa sababu ya kamera. Alipata taarifa jana yake, akapigwa akiwa na nywele za kusubiri Jumamosi, kisha akajikuta mbele ya wateja bila mtu yeyote kumwonyesha picha kwanza. Mimi nimekuwa nikipiga picha za maofisini muda mrefu, na naona kila mara: picha ya mfanyakazi huharibika siku kumi kabla ya kamera kutolewa kwenye begi. Mtu akijua picha ni ya nini, itakaa wapi, na kwamba ataichagua yeye mwenyewe, mabega yanashuka bila kuambiwa. Asipojua, hata umwashie taa za mamilioni atakutazama kama dereva anavyomtazama trafiki aliyemsimamisha.

Kwa hiyo toa taarifa wiki mbili kabla. Siku tatu hazitoshi, na sababu kubwa ni nywele. Msuko mpya unavuta ngozi ya paji la uso, nyusi zinapanda, mtu anaonekana ameshtuka. Akishalala nao siku tatu nne unatulia. Wanaume wanaonyoa ndevu kwa wembe wanyoe siku mbili kabla, wasinyoe asubuhi ile, kwa sababu vile vipele vya shingoni taa inaviona kabla ya kitu kingine chochote. Anayetaka kwenda saluni au kwa kinyozi apate nafasi ya kupanga na mshahara wake pia. Usimpige mtu picha tarehe 24 halafu ushangae hajasuka.

Ningekuwa mimi ningeandika hivi kwenye grupu la ofisi:

"Jumatano na Alhamisi ya wiki ya pili tutapigwa picha za kikazi kwenye chumba cha mikutano. Zitatumika kwenye tovuti na vitambulisho, si kwingine. Kila mtu ana dakika kumi. Ratiba ya majina naiweka Ijumaa hii. Muda usiokufaa niambie tubadilishe. Utaonyeshwa picha zako palepale na utachagua mwenyewe. Asiyependa yake iwekwe mtandaoni aje tuongee, mimi na yeye tu."

Basi. Usiongeze "ni lazima", na zile alama tatu za mshangao ziache.

Sentensi ya mwisho usiione kama upole tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na picha inayomtambulisha mtu ni taarifa yake binafsi. Jirani zetu Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019, na mwezi Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa ulinzi wa data kule iliutoza ukumbi mmoja wa starehe Nairobi faini ya shilingi za Kenya milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Wewe andaa karatasi ya nusu ukurasa: picha ni ya nini, itawekwa wapi, na mtu akiacha kazi itaondolewa baada ya muda gani. Tovuti na kitambulisho viwe na visanduku viwili tofauti vya kutia tiki, kwa sababu mtu anaweza kukubali kimoja akakataa kingine, na mara nyingi ana sababu zake ambazo halazimiki kukueleza. Isainiwe siku zilizotangulia. Mtu aliyesimama mlangoni amevaa tai hasomi, anasaini tu.

Sasa ratiba. Watu 26 kwa dakika kumi ni saa nne na dakika ishirini, na hapo hujaweka chai, hujaweka aliyechelewa kwa foleni ya Kilwa Road. Gawa asubuhi mbili, 13 na 13, kuanzia saa tatu. Mchana watu wameshatoka jasho, mashati yamejikunja mgongoni na wengine wana alama ya mchuzi kifuani. Ndani ya zile dakika kumi, picha zenyewe huchukua nne hivi. Zilizobaki ni kufuta jasho, kuweka kola sawa, kucheka kidogo, na kuangalia kilichotoka. Mpiga picha akikuambia atawamaliza 26 kwa saa moja, hizo ndizo paspoti saizi zako za mwaka juzi zinarudi.

Angalia pia kalenda ya kazi yenyewe. Mhasibu usimpange siku za kuelekea tarehe 7, anahangaika na kodi ya mishahara, wala kuelekea tarehe 20 wakati wa ritani za VAT. Atakuja, ila sura itakuwa ya TRA. Ijumaa iache, watu wanawahi msikitini. Na kwenye kazi yenu, siku meli imeingia hakuna kijana wa ghalani atakayekumbuka dakika zake kumi, hivyo wape wao asubuhi ya pili na uwe tayari kuisogeza.

Nani aanze? Ofisi nyingi humtanguliza mkurugenzi kwa heshima. Mimi huomba aanze mtu mcheshi, yule ambaye kila ofisi inaye, mara nyingi wa mapokezi. Akitoka pale anacheka na simu ina picha yake, wenzake 12 wameshaandaliwa kuliko semina yoyote. Bosi apigwe wa tano au wa sita, kisha arudi ofisini kwake. Hilo la kurudi ofisini kwake nalisisitiza. Nilishapiga sehemu moja hapa mjini, mkurugenzi akasimama nyuma yangu, mikono mfukoni: "Cheka bwana. Cheka, si unacheka kila siku." Kijana akacheka kwa meno, macho yake yalikuwa juu ya bega langu, kwa bosi. Nilipiga kama picha arobaini za yule kijana na hakuna niliyothubutu kuitoa. Mwishowe nikamwomba mzee anisaidie kuniangalizia betri zilizokuwa zinachaji chumba cha pili. Mlango ulipofungwa tu, kijana akashusha pumzi, na ile pumzi ndiyo picha iliyotumika.

Kuhusu nguo, bosi wako akisema wote suti nyeusi, mshauri taratibu. Nguo ya mkopo inaonekana: kola imeachana na shingo, mabega yanaelea. Waambie wavae kile ambacho wangevaa siku ya kukutana na mteja mkubwa, na kila mmoja aje na blauzi au shati la pili. Rangi moja iliyokolea kidogo humkubali karibu kila mtu. Kitenge kinapendeza sana, hasa chenye michoro mikubwa. Kinachosumbua ni shati la mistari myembamba iliyobanana au vidrafti vidogo, kwa sababu kwenye kamera ile mistari hugeuka mawimbi ya rangi ambayo hayapo kwenye shati, na kuyaondoa ni kazi. Shati jeupe peke yake bila koti lina tatizo lake nitakalolieleza mbele. Nguo mpya ifuliwe au ipigwe pasi nyumbani, maana mikunjo ya dukani haiondoki kwa kuvutwavutwa. Hata hivyo wewe tafuta pasi ya mvuke iwepo pale chumbani, kwa sababu anayekuja na bodaboda kutoka Mbagala atafika na shati lililokunjwa na upepo, vumbi kwenye nyusi, na nywele zenye umbo la helmeti. Kioo kikubwa, kitana, tishu, maji ya kunywa. Hivyo vinne vikikosekana mtanitafuta.

Dada wanaovaa ushungi au hijabu hawana cha kubadilisha. Hii si paspoti, hakuna anayedai masikio. Ila niambie mapema wangapi huvaa nyeusi, kwa sababu nyeusi mbele ya pazia jeusi inapotea na kichwa kinabaki kinaelea. Nitaleta la kijivu. Mwenye kanzu na kofia aje na kanzu na kofia kama ndivyo wateja wanavyomjua. Kama kuna anayefunika uso, usiamue wewe wala mimi. Muulize yeye mwenyewe kitambulisho chake angependa kiweje.

Vijana wa ghalani na madereva ndio wanaosahaulika, kisha kwenye tovuti wanaonekana kama wamebandikwa kutoka kampuni nyingine. Wapigwe kwa taa ileile na pazia lilelile. Wakitaka kuvaa vile vizibao vya usalama, sawa, ila ujue zile tepu za kijivu zimetengenezwa kurudisha mwanga kule ulikotoka. Flashi ikiwa karibu na kamera, kizibao kinawaka kama taa ya gari na uso unaonekana umezimika. Lazima taa ihamie pembeni kabisa, na kwanza tujaribu na mtu mmoja. Helmeti irudi nyuma vidole viwili, la sivyo macho yanaingia kivulini.

Sura zenyewe. Waambie waje na uso wa kawaida, usiopakwa mafuta mazito asubuhi ile. Vaselini inayong'aa inapendeza njiani, mbele ya taa inafanya paji la uso kuwa kioo. Wanaume wengi wanaona aibu kupakwa poda. Wape tishu wabonyeze, wasisugue. Wanaotumia krimu ya kuzuia jua wajue kwamba nyingine zina madini, zinki au titani, ambayo flashi ikipiga yanarudisha weupe kama mtu aliyemwagiwa unga. Siku hiyo waiache hadi wamalize. Miwani ivaliwe kama huvaliwa kila siku. Mng'ao kwenye vioo tunauondoa kwa kupandisha taa na kuinua mikono ya miwani kidogo juu ya masikio.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo wapiga picha wengi wanapowakosea watu wetu, nami nilishakosea. Zamani kidogo nilipiga timu nzima ya mashati meupe. Nikapima mwanga kwenye kioo cha kamera, mashati yalikuwa safi kabisa, na nyumbani nikakuta nyuso zimezama gizani. Kamera ilikuwa inalinda shati. Mtu mweusi aliyekaa karibu na kitu cheupe apimiwe mwanga usoni, shati lifuate. Wengi wamekua wakiamini kwamba "hawatoki vizuri kwenye picha", na historia yenyewe imewachangia imani hiyo: Kodak ilikuwa inapeleka kwenye maabara kadi za rejea zenye sura ya mwanamke mzungu, mafundi wakaziita Shirley, na rangi za picha za wateja duniani zikawa zinasawazishwa kwa ngozi ile. Hadi mwaka 2021 Google walipotoa simu ya Pixel 6, kuonyesha ngozi nyeusi kama ilivyo bado kulikuwa jambo la kutangazwa kama ugunduzi, wakaliita Real Tone.

Dawa yake kwenye chumba chenu ni taa kubwa laini iliyowekwa pembeni, karibu na mtu. Ngozi nyeusi inapendeza kwa mng'ao wake. Taa ndogo inatoa doa jeupe puani na kwenye paji, taa kubwa inautandaza ule mng'ao shavuni hadi unaona umbo la uso. Upande wa pili unasimamishwa ubao mweupe kurudisha mwanga. Siku ukimtafuta mpiga picha mwingine, usimwombe akuonyeshe picha yake nzuri kuliko zote. Mwombe timu moja aliyoipiga siku moja, yenye mtu mweusi sana na mtu maji ya kunde, uwatazame wote wawili. Umuulize pia anatumia lenzi gani. Akisema ya milimita 85 au kuzidi kidogo, vizuri. Lenzi pana ikikaribia uso inakuza pua na kurudisha masikio nyuma. Ndiyo maana selfi zinatudanganya. Hata ukilazimika kutumia simu siku moja, rudi nyuma hatua tatu, kisha vuta kwa ile lenzi ya kukuza vitu vya mbali, kama simu inayo.

Chumba: kwa mtu mmoja mmoja mita nne kwa tano zinatosha, meza ikitolewa. Mtu akae mita moja na nusu au mbili mbele ya pazia, kivuli chake kisianguke nyuma yake. Zile taa ndefu za darini zizimwe, zinatia kijani kwenye ngozi, na pazia za dirisha zifungwe. Kiyoyozi kiwashwe saa nzima kabla, hasa kama ni msimu wa kaskazi. Feni hapana, inapeperusha mitandio. Umeme ukikatika, flashi za betri zitaendelea, ila joto halitangoja, kwa hiyo wanaofuata wasubiri barazani penye upepo na siyo kwenye korido.

Kama bosi anataka na picha za nje, pale yadi, nikumbushe tuzitangulize. Kamera ikitoka kwenye kiyoyozi kwenda kwenye unyevu wa Dar, lenzi inaingia ukungu na inaweza kuchukua zaidi ya robo saa kukauka. Saa sita mchana msithubutu. Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi na tena karibu Oktoba 10 jua la adhuhuri linasimama utosini kabisa: macho yanakuwa mashimo mawili meusi. Mahali pazuri kuliko pote kwenye kampuni kama yenu ni mlango mkubwa wa ghala, mtu akisimama hatua moja ndani ya kivuli akitazama nje. Mwanga pale ni laini bure kabisa, na nyuma yake kuna kazi yenu.

Mtu akishaketi, kazi ni ya mpiga picha, ila wapo watakaokuuliza wafanye nini. Waambie picha tatu za kwanza hufutwa, wasijikaze. Waelekeze mabega pembeni kidogo, uso urudi kwenye kamera, kidevu kisogee mbele na chini kiduchu. Wanahisi kama kobe, lakini shingo inapendeza. Kucheka si lazima. Mzee wenu wa stoo ambaye hacheki hata Idi, akilazimishwa atatoka mtu mwingine. Mimi humuuliza mtu kama huyo kontena la kwanza alilowahi kulipokea lilikuwa na nini. Anapokumbuka, macho yanawaka, na mdomo si lazima ufanye chochote.

Kisha achague. Aonyeshwe tatu au nne kwenye skrini, yeye aseme hii. Wewe na bosi msimpiku. Mnaruhusiwa kukataa picha yenye kola iliyopinda; sura ni yake. Kwenye kurekebisha, elewaneni kabla: chunusi ya wiki hii iondoke, kovu la utotoni libaki isipokuwa mwenyewe aombe, rangi ya ngozi isiguswe. Nilishaombwa na meneja mmoja "nimng'arishe kidogo" binti wa mauzo bila yeye kujua. Nikamjibu mkorogo siuzi, hata wa kompyuta.

Picha zikitoka zije na majina ya watu, si namba za kamera, na usizipokee kama picha za kawaida za WhatsApp, zinakamuliwa. Zitumwe kama faili au kwa kiungo. Macho ya watu wote yawe kwenye mstari mmoja na vichwa viwe ukubwa mmoja, hapo ndipo ukurasa unaonekana wa kampuni moja. Halafu kuna kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau: mtaajiri. Kabla sijafungasha, piga picha ya chumba kwa simu yako, na tuandike kwenye karatasi rangi ya pazia, lenzi, urefu wa taa, na mita ngapi kutoka kwenye kiti. Kijana atakayekuja mwezi wa tatu apigwe vilevile, hata kama mpiga picha ni mwingine.

Ukishapata tarehe, nitumie namba tatu: wangapi wanavaa miwani, wangapi ushungi mweusi, na dari ya chumba cha mikutano ina urefu gani.